WAZEE WALIOSTAAFU NA SHULE YA KAA

Jinsi kazi ya kaa inavyoendeshwa katika Ghuba ya Chesapeake, na kwa nini watu waliokwisha kustaafu husafiri kwenda kuisoma

Wahenga walisema kwamba elimu haina mwisho, na kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Watu wengi huyakubali maneno hayo kwa midomo tu. Mtu akiisha kupokea kiinua mgongo chake na kurudi nyumbani, jamaa zake humtazama kama mtu aliyemaliza kujifunza. Kazi yake sasa ni kutoa shauri, kusuluhisha ugomvi, na kuota jua barazani. Hiyo ni heshima kubwa, lakini si kila mzee anayetosheka nayo.

Katika nchi ya Marekani, mwaka 1975, watu wawili, Marty Knowlton na David Bianco, walianzisha mpango wa masomo kwa ajili ya watu wa umri huo. Knowlton alikuwa amezunguka Ulaya kwa miguu, akaona hosteli za vijana na shule za watu wazima za nchi za Skandinavia, naye akafikiri kwamba wazee nao wangefaidiwa na jambo la namna hiyo. Vyuo vitano vya jimbo la New Hampshire vilifungua mabweni yao wakati wa likizo ya kiangazi, na wazee 220 walifika mwaka ule wa kwanza. Walilala katika vitanda vya wanafunzi, wakaketi madarasani, wala hawakutakiwa kufanya mtihani. Mpango huo uliitwa Elderhostel, na tangu mwaka 2010 unajulikana kwa jina la Road Scholar. Baadaye masomo yalitoka madarasani yakaenda mashambani, bandarini na viwandani, na watu wengine nao waliufuata mfano huo.

Miongoni mwa mambo yanayosomwa katika safari za namna hiyo ni kazi ya kaa katika Ghuba ya Chesapeake. Somo hili lastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndani yake mna maswali yanayomhusu kila mtu anayeishi kwa mali ya maji: nani avue, avue kiasi gani, anayetoka jasho alipwe nini, na kitu gani kiachwe kwa ajili ya kesho.

GHUBA NA MJI WAKE

Somo huanza mbele ya ramani. Ghuba ya Chesapeake iko upande wa mashariki wa Marekani, nayo imeingia ndani ya nchi kiasi cha maili 200 kutoka kusini hata kaskazini. Sehemu ya juu imo katika jimbo la Maryland. Sehemu ya chini, pamoja na mlango wa kutokea baharini, imo katika jimbo la Virginia. Kina chake si kirefu. Kwa wastani ni futi 21 tu. Mito mingi humwaga maji matamu ndani yake, na mkubwa kupita yote ni Susquehanna, ambao peke yake huleta karibu nusu ya maji hayo. Kwa hiyo upande wa juu maji ni karibu matamu, katikati yana chumvi kidogo, na mlangoni ni ya chumvi kama bahari yenyewe. Anayetaka kuifahamu kazi ya kaa hana budi kulishika jambo hili kwanza, kwa kuwa maisha ya kaa ni safari baina ya maji hayo.

Mji unaojulikana sana kwa kazi hii ni Crisfield, ulio upande wa mashariki wa ghuba katika Maryland. Ulikuwa kijiji kidogo mpaka reli ilipofika katika miaka ya 1860, na jina lake ni la John W. Crisfield, mwanasheria aliyeisimamia reli hiyo. Hapo kwanza watu walitajirika kwa chaza. Chaza waliletwa pwani kwa wingi kupita kiasi, na magamba yao yakatupwa ufukweni hata sehemu ya mji ikajengwa juu yake. Chaza walipopungua, watu waliwashika kaa kwa nguvu zaidi, na treni iliyozoea kuchukua chaza ikachukua kaa katika barafu kwenda kuuzwa katika miji mikubwa. Magamba yale yaliyo chini ya barabara za Crisfield ni ushahidi wa mali moja iliyokwisha kuliwa. Mzee anayetembea juu yake huanza kuuliza habari za mali ya pili.

MAISHA YA KAA MWENYEWE

Kaa wa Chesapeake huitwa kaa wa buluu, kwa sababu ya rangi ya magando yake. Jina lake la kitaalamu ni Callinectes sapidus, alilopewa na Bibi Mary Rathbun mwaka 1896, na maana yake ni mwogeleaji mzuri mwenye ladha. Miguu yake ya nyuma ni bapa kama makasia, naye huogelea kwa wepesi kuliko kaa wengi.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hufundishwa ni kumtambua dume na jike. Kaa hupinduliwa chali. Dume ana kifuniko chembamba tumboni, kilichosimama kama mnara. Jike mzima ana kifuniko kipana cha mviringo, mfano wa kuba. Tena ncha za magando ya jike ni nyekundu, kana kwamba amejipaka hina. Baada ya kuwapindua kaa kumi hivi, hata mtu ambaye hajapata kuishi pwani aweza kuwatenga.

Gamba la kaa halipanuki, kwa hiyo hawezi kukua bila kulivua. Wakati ukifika, gamba hupasuka nyuma, naye hujitoa kinyumenyume, mwili wote ukiwa laini. Hujaza maji mwilini, akaongezeka kiasi cha theluthi moja, kisha gamba jipya hukauka pole pole. Hufanya hivyo mara 20 hivi katika maisha yake, ambayo kwa kawaida hayapiti miaka mitatu. Kila anapojivua huwa hana silaha, na adui mmoja wa kuogopwa sana ni kaa mwenziwe, maana kaa hula kaa.

Jike hupandwa wakati mmoja tu maishani mwake, yaani anapojivua gamba kwa mara ya mwisho. Siku chache kabla yake dume humbeba chini ya mwili wake na kumkinga. Akiisha kujivua na kupandwa, dume humbeba tena mpaka gamba lake likauke, ndipo wanapoachana. Dume hubaki katika maji ya juu. Jike hushuka safari ndefu mpaka karibu na mlango wa ghuba, penye chumvi nyingi, akiwa ameweka akiba ya mbegu ya kumtosha kwa kutaga mara kadha wa kadha. Huko huonekana na furushi la mayai chini ya tumbo lake. Furushi hilo huwa la rangi ya machungwa kwanza, kisha huwa kahawia, na mwisho huwa jeusi. Mayai yake huweza kupita milioni moja. Baada ya wiki mbili hivi watoto hutoka, wadogo kama vumbi, na mkondo huwachukua mpaka bahari kuu. Wakiisha kukaa huko mwezi mmoja na zaidi, upepo na maji yanayojaa huwarudisha ghubani. Katika umati ule wote, ni wachache mno wanaofika ukubwani.

Hapo ndipo shida ya kazi nzima inapoonekana. Kaa aliyezaliwa Virginia huenda akakulia Maryland, na jike aliyekulia Maryland hushuka kutaga Virginia. Kaa hajui mpaka. Wavuvi wa juu wakiwachukua majike wengi mno kabla hawajashuka, mlangoni hapatakuwa na mayai. Wavuvi wa chini wakiwamaliza mlangoni, watu wa juu hawatapata watoto. Kwa muda mrefu kila upande uliulaumu upande wa pili, na kaa wakaendelea kupungua katikati ya lawama hizo.

DEMA LA WAYA NA KAMBA YA CHAMBO

Baada ya darasa huja maji. Wazee huvaa makoti ya kuokolea maisha, wakasaidiwa kushuka mashuani, na mashua ikaondoka mapema, kwa sababu mvuvi wa kaa hutangulia jua. Hapo waliokuwa walimu huwa wanafunzi, na mvuvi, ambaye pengine hakukaa shuleni miaka mingi, ndiye mwalimu.

Njia moja ya zamani ni kamba ndefu iliyofungwa chambo kila baada ya futi chache. Hulazwa chini ya maji, kisha mvuvi huiendesha mashua polepole kuifuata, huku kamba ikipanda juu ya gurudumu lililo ubavuni. Kaa hupanda pamoja na chambo, maana hapendi kukiacha, na kabla hajafika juu ya maji hutegwa kwa wavu wa mkono. Njia hiyo ingali ikitumika katika mito ya Maryland, ambako wavuvi wa biashara hawaruhusiwi kuweka madema.

Katika ghuba yenyewe chombo kikubwa ni dema la waya. Lilibuniwa na Benjamin F. Lewis wa Virginia, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1928, na akalitengeneza vizuri zaidi mwaka 1938. Ni sanduku la waya lenye kiasi cha futi mbili kila upande. Chumba cha chini kina chambo cha samaki wenye mafuta, na milango yake ni mipana nje na myembamba ndani. Kaa akiisha kuingia na kuona hatari, tabia yake ni kuogelea kwenda juu. Hupenya tundu lililo katikati, akafika chumba cha pili, na huko haoni njia ya kurudi. Watu wa pwani wanaolijua dema la fito watatambua mara moja hila hiyo, maana werevu wake ni ule ule: dema halimfukuzi mnyama, bali hungoja tabia yake imlete.

Kila dema lina chelezo chenye rangi ya mwenyewe. Mvuvi hukishika kwa kulabu, hulivuta dema kwa mashine, huwakung'uta kaa mezani, hutia chambo kipya, akalitupa tena na kuelekea la pili. Hufanya hivyo mara mamia kwa siku moja. Kaa wakiwa mezani, mkono wake hauna nafasi ya kupumzika, kwa sababu lazima awachague. Sheria ya Maryland yasema kwamba dume mgumu asipungue inchi 5 kutoka ncha ya gamba hata ncha ya pili, na kuanzia katikati ya mwezi wa Julai asipungue inchi 5 na robo. Jike mwenye furushi la mayai haruhusiwi kuchukuliwa katika jimbo hilo. Tena dema lenyewe huwekwa vipete vya duara ili kaa wachanga wapate kutoka.

Mzee aliyekuwa karani wa hesabu huuliza bei ya petroli, ya chambo na ya waya. Huandika kitabuni mwake, akatoa gharama katika bei ya kapu, na mara nyingi hushangaa jinsi kilichobaki kilivyo kidogo. Ndipo anapofahamu kwamba kumrudisha majini kaa aliyepungua robo ya inchi si jambo jepesi kwa mtu mwenye deni la mashua.

KUMNGOJA KAA LAINI

Kaa aliyekwisha kujivua gamba huliwa mzima, gamba na miguu pamoja, na bei yake ni kubwa kuliko ya kaa mgumu. Lakini hali hiyo ya ulaini ni ya saa chache tu. Mtu atampataje kwa wakati wake?

Jibu limo katika kasia la mguu wa nyuma. Kaa anayekaribia kujivua huonyesha mstari mwembamba ukingoni mwa kasia hilo. Ukiwa mweupe, atajivua katika muda wa wiki mbili hivi. Ukiwa wa rangi ya waridi, imebaki wiki moja au pungufu. Ukiwa mwekundu, ni siku moja mpaka tatu. Wavuvi wa kisiwa cha Smith na cha Tangier huwatafuta kaa hao katika nyasi za baharini, ambako wamejificha, kwa kuvuta wavu wenye fremu ya chuma juu ya nyasi. Kisha huwatenga kwa kadiri ya mistari yao, wakawatia katika mahodhi yasiyo na kina yenye maji yanayopita.

Tangu hapo hakuna usingizi wa kutosha. Mahodhi hutazamwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Kaa aliyejivua akikawia majini, gamba jipya huanza kuwa gumu na bei huanguka, au wenziwe humla. Akitolewa majini kwa wakati, gamba haliendelei kukauka. Hufungwa sandukuni katika hali ya unyevu na baridi, akasafirishwa angali hai. Mara nyingi kazi hii ni ya jamaa nzima, baba majini na wengine zamu kwa zamu penye mahodhi, kwa muda wote wa kiangazi.

MEZA ZA KUAMBUA NYAMA

Kaa wagumu walio wakubwa huuzwa wazima, wakapikwa kwa mvuke pamoja na viungo vikali, na kuliwa juu ya meza iliyotandikwa karatasi. Wengine hupelekwa katika nyumba za kuambua nyama. Humo wageni huambiwa wanyamaze kidogo na kutazama mikono.

Waambuaji husimama au kuketi penye meza ndefu za chuma, kila mmoja na kisu kifupi. Kaa aliyepikwa huvunjwa gamba la juu, hukatwa miguu, kisha vyumba vya mwilini hufunguliwa kimoja kimoja. Pande kubwa lililo penye mzizi wa mguu wa kuogelea lazima litoke zima, maana ndilo lenye bei ya juu; likivunjika hupungua daraja. Katika kila ratili 100 za kaa hupatikana ratili 14 hivi za nyama, na mwambuaji hulipwa kwa uzito wa nyama hiyo. Mashine zimejaribiwa, lakini kwa nyama iliyo bora mkono wa binadamu haujashindwa.

Kwa miaka mingi wengi wa waambuaji wa Crisfield walikuwa wanawake Waamerika Weusi. Mwaka 1938 wenye nyumba hizo walipopunguza ujira, wanawake hao waligoma. Walivumilia vitisho na njaa kwa wiki kadhaa mpaka wakasikilizwa. Baadaye binti zao walipata kazi nyingine zilizo nyepesi zaidi, na meza zikaanza kuwa tupu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wenye nyumba waliwaita wanawake kutoka Meksiko, ambao huja kwa kibali cha msimu, wakiwaacha watoto wao kwa bibi zao, na kurudi kwao kazi ikiisha. Mwaka 2018 vibali hivyo viligawanywa kwa kura, na baadhi ya nyumba za Maryland zilikosa wafanyakazi kabisa, ingawa kaa walikuwako majini. Wakati huo huo nyama ya kaa katika mikebe kutoka nchi za Asia, iliyo rahisi kwa bei, imejaa madukani.

Katika kisiwa cha Smith wanawake walizoea kuambua nyama majumbani mwao na kuiuza. Serikali iliposhurutisha kwamba kazi hiyo ifanywe katika nyumba iliyo safi kwa kanuni za afya, hakuna aliyeweza kujenga peke yake. Katika miaka ya 1990 wanawake wa kijiji cha Tylerton waliunda ushirika, wakajenga nyumba moja, na kila mwanamke akawa na mahali pake mezani. Hivyo kazi yao haikufa.

Mzee aliyezoea kulalamika dukani juu ya bei ya mkebe mdogo wa nyama ya kaa, akiisha kujaribu mwenyewe kumwambua kaa mmoja kwa robo saa na kupata kijiko kimoja cha nyama, hupungukiwa na maneno.

KUWAHESABU KAA

Wakati wa baridi kali kaa hujifukia katika matope na kutulia. Wataalamu huitumia nafasi hiyo. Tangu mwaka 1990 majimbo yote mawili, kwa pamoja, hupitisha wavu wa chuma katika mahali 1,500 kuanzia Desemba hata Machi, wakakisia idadi ya kaa wa ghuba nzima. Mwaka 1993 walikisia milioni 852. Baada ya hapo hesabu ilishuka, ikakaa chini kwa miaka mingi.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba uvuvi wa kaa wa Chesapeake umepatwa na maafa. Maryland na Virginia zilikubaliana kupunguza uvuvi wa majike kwa kiasi cha theluthi moja. Virginia ilifunga uvuvi wa wakati wa baridi, ambao uliwachimbua majike waliolala matopeni. Mahali pa kutagia, karibu na mlango wa ghuba, palikwisha kuwekewa hifadhi, ambamo uvuvi hukatazwa wakati wa kiangazi. Wavuvi walinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na haki, kwa kuwa wengine walipoteza sehemu ya mapato yao. Baadhi yao katika Virginia walilipwa ili wayaopoe madema yaliyopotea, ambayo hulala chini ya maji na kuendelea kuwaua kaa bila faida ya mtu.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2012 hesabu ilifika milioni 765. Lakini mwaka uliofuata ilianguka hata milioni 300, na mwaka 2022 ilikuwa milioni 227 hivi, ambayo ni ndogo kupita zote tangu kuhesabu kulipoanza. Mwaka 2025 ilikuwa milioni 238. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba sheria moja imemaliza shida. Nyasi za baharini, ambazo ni maficho ya kaa wachanga, ziliharibiwa sana na dhoruba ya mwaka 1972 na kwa uchafu wa maji. Mbolea ya mashamba na maji machafu ya miji huyalisha majani madogo ya majini, nayo yakifa na kuoza huimaliza hewa iliyomo katika maji ya chini, hata viumbe wakakosa pumzi. Kambare wa buluu, walioletwa katika mito ya Virginia katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mchezo wa uvuvi, wameenea na huwala kaa.

Hapa ndipo mzee aliyestaafu anapojikuta yumo katika habari hii. Watu zaidi ya milioni 18 wanakaa katika nchi ambazo maji yake huingia Chesapeake, na wengi wao hawajapata kushika dema. Lakini mbolea wanayoimwaga juu ya majani ya bustani zao hushuka mtoni pamoja na mvua, na mto hufika ghubani. Mtu aliyekuja kama mgeni kutazama kazi ya wengine hurudi akijua kwamba mkono wake nao umo.

VISIWA VINAVYOLIWA NA MAJI

Jambo la mwisho kuonyeshwa ni la huzuni. Visiwa vya wavuvi viko juu ya maji kwa futi chache tu. Ardhi inashuka, bahari inapanda, na mawimbi hula kingo. Kisiwa cha Tangier kimepoteza kiasi cha theluthi mbili za ardhi yake tangu mwaka 1850. Kisiwa cha Holland kilikuwa na watu 360 hivi mnamo mwaka 1910, pamoja na shule, kanisa na maduka. Watu walihama kidogo kidogo, na nyumba ya mwisho iliyosimama huko ilianguka majini mwaka 2010. Vijana wa visiwa vilivyobaki huhesabu mambo hayo, pamoja na bei ya kaa na gharama ya mashua, na wengi wao hutafuta kazi bara. Wazee wanaowatembelea hununua chakula kwao, hulala katika nyumba zao za wageni, na fedha hizo huwasaidia. Hata hivyo fedha za wageni hazitoshi kujenga ukuta wa kuzuia bahari.

FUNZO KWA WATU WA PWANI

Kaa wa buluu ana jamaa katika Bahari ya Hindi, na katika Pwani ya Afrika Mashariki kaa mwenye bei ni kaa koko, anayekaa katika mashimo penye mikoko. Wavuvi humtoa kwa fimbo yenye kulabu maji yakipwa, au humtega kwa chambo. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, watu wa Dabaso wameunda kikundi, wakapanda na kuilinda mikoko, wakawanenepesha kaa, na kujenga mkahawa wa mbao juu ya maji ambao huwaletea fedha. Nao pia jike mwenye mayai ndiye mali yao ya kesho, na mikoko ni kwao kama nyasi za baharini kwa watu wa Chesapeake.

Haifai kudhani kwamba mambo ya Marekani yaweza kuchukuliwa yote yalivyo. Lakini funzo kuu ni moja, nalo latumika kila mahali. Mali ya majini haitunzwi na mtu mmoja. Mvuvi akimrudisha kaa mchanga na jirani yake akamchukua, kazi ni bure. Jimbo moja likikataza na jingine likiruhusu, kazi ni bure. Wavuvi wote wakitii na watu wa miji wakiyachafua maji, kazi ni bure vile vile. Na mvuvi anayeombwa aache sehemu ya mapato yake kwa ajili ya wote, ni haki asiachwe kuubeba mzigo huo peke yake.

Tena safari za wazee zina funzo lake. Mtu mzima hasafiri ili apate cheo. Husikiliza kwa ajili ya kufahamu tu, na akirudi kwake wajukuu humsikiliza yeye. Neno lililosemwa na mzee aliyeona kwa macho yake, aliyeshika kaa kwa mkono wake na kujaribu kisu cha mwambuaji, hukaa moyoni kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Wazee wa Kenya wanaomiliki wakati, na ambao wengi wao hawajapata kuona jinsi samaki wa Pwani au wa Ziwa Victoria anavyofika sokoni, wangeweza kufanya vivyo hivyo kwa nauli ya basi tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA BARAZANI

1. Kwa nini kumwacha jike apite kuna faida kwa mvuvi ambaye hatamwona tena?

2. Ikiwa mvuvi aambiwa apunguze uvuvi kwa faida ya wote, ni nani anayepaswa kumsaidia, na kwa njia gani?

3. Katika mahali penu kuna mali gani ya maji au ya msitu inayovuka mpaka wa kijiji au wa kaunti, na wenye kuitumia hukutana wapi kushauriana?

4. Wazee wa kwenu wangependa kwenda kuona kazi gani, na ni fundi yupi angefaa kuwafundisha?